Mwalimu wa Maki

Nimegombana na watu wengi. Nimegombana na askari wa mpaka pale Kasumbalesa, na matajiri wa Johannesburg ambao nililinda magari yao kwenye baridi huku nikisomea umeme, na mabosi walionidhania mjinga kwa jinsi ninavyotamka maneno. Wote hao niliwapita. Nilirudi Likasi na diploma yangu, nikafungua duka la paneli za jua, na leo ukitazama mabati ya mtaa wetu wa Kikula jua likiwa kali, mng'ao mwingi unaouona ni kazi ya mikono yangu. Mtu mmoja tu sijawahi kumpita, wala yeye hajaniacha nimpite. Ni mwalimu mzee wa fizikia anayekaa kwenye barabara yetu. Naandika habari zake nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie ningoje ipoe.

Wanafunzi walimwita Prof. Wazazi walimwita Papa Prof. Mimi nilimwita Prof nikiwa mwanafunzi, na sasa ninapofika kwake kwa gari langu mwenyewe bado namwita Prof, naye bado ananiita mwana, kana kwamba jina langu halijulikani hadi Pretoria.

Kazi yake kubwa haikuwa ile ya shuleni. Kazi yake ilikuwa maki. Kwa asiyejua, maki ni desturi yetu ya Kongo: mtihani wa Serikali unapokaribia, wanafunzi wa mwaka wa mwisho huhama nyumbani kwao, wakajifungia pamoja katika nyumba moja, wakala pamoja, wakalala kwenye mikeka na kurudia masomo yote ya miaka sita chini ya mtu mmoja anayejua. Kwenye barabara yetu mtu huyo alikuwa yeye, na nyumba ilikuwa yake. Wazazi walileta unga wa bukari, yaani ugali, na samaki wakavu, yeye alileta kichwa chake. Mimi nilipitia humo. Sikununua jibu hata moja, na alama zangu zilisomwa kwa sauti barabarani.

Mwaka huu wazazi waliitisha mkutano kuamua kama maki hiyo iendelee au ife. Kwake halikuwa jambo dogo. Mke wake amefariki, watoto wake wako mbali, shule ilishamsahau. Maki ndiyo inayomfanya anyoe ndevu. Nitaufikia mkutano huo. Kwanza lazima mjue alivyo, msije mkamhurumia bure.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa ya lugha. Sentensi iliyoanza kwa Kifaransa ilipaswa kuishia kwa Kifaransa, na iliyoanza kwa Kiswahili iishie kwa Kiswahili. Likasi hakuna mtu anayesema hivyo. Sisi tunaianza sentensi kwa lugha moja, tunaipitisha katika nyingine, na kama mtu ni wa Kasai anaitua kwa Kiluba. Ukichanganya mbele yake, alinyoosha mkono kuelekea upande wa gereza kubwa, akaagiza sentensi hiyo ipelekwe Buluo ikafungwe, nawe ulianza upya. Tulicheka sana. Baadaye nilikaa mbele ya meza ya watahini ugenini, nikajibu bila kujikwaa, na wenzangu wakaniuliza nimesomea wapi. Lakini yeye mwenyewe akikasirika alichanganya Kifaransa, Kiswahili, Kiluba na Kibemba cha sokoni katika pumzi moja. Nilipomwonyesha hilo alinijibu kwamba hasira si somo.

Siku moja nilimpeleka kwa gari katika ofisi fulani mjini kufuata karatasi yake. Mama wa dirishani alimwambia, kama wanavyosema wote siku hizi, kwamba sistemu inakataa. Mwalimu aliweka kofia yake juu ya meza.

"Sistemu iko na mudomo?" akauliza. "Kintu haina mudomo haiwezi kukatala. Njo weye unakatala. Sema tu: minye ninakatala. Nitakuheshimia."

Watu walikuwa wamejaa nyuma yetu wakinung'unika. Hakusogea. Mwishowe yule mama alisema kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, yeye ndiye anayekataa, kwa sababu mkubwa wake hajaja kazini na yeye anaogopa kutia sahihi. Mwalimu alimshukuru kwa adabu, akavaa kofia, akatoka amefurahi kama mtu aliyelipwa. Mimi nilikuwa nimefunga duka asubuhi nzima kwa ajili yake. Tulikwenda kutafuta karatasi, yeye akarudi na sentensi.

Kuhusu sayansi alikuwa mtu wa namna mbili, na sijui ipi ilinikera zaidi. Alitufundisha umeme wa radi vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia baadaye, na mimi nimewasikia wengi, tena wenye majina. Lakini wingu likinguruma juu ya mji, alifunika kioo chake kwa kitambaa na kumwamuru aliyevaa nguo nyekundu aivue au atoke nje. Nilirudi na diploma ya umeme nikamweleza, kwa heshima, kwamba kioo hakihusiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema fizikia inajua radi inashuka namna gani, haijui inamtafuta nani. Halafu akakifunika kioo.

Diploma yenyewe nilimpelekea aione juma lile nililofika. Aliisoma yote, mistari midogo pia. Akaigeuza.

"Kule nyuma hakuna kintu," alisema, akanirudishia.

Sijawahi kumsamehe.

Lakini mtu huyohuyo alichukua msumari, betri ya redio na maji ya buluu yenye shaba ndani, akatuonyesha msumari ukivaa rangi nyekundu mbele ya macho yetu. Baba zetu wengi walifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. Walirudi nyumbani na viatu vilivyoliwa na asidi na hawakutuambia kitu, kwa sababu hakuna aliyewaeleza wao wenyewe. Siku ya msumari tulijua baba zetu walikuwa wakifanya nini. Mwenzangu mmoja alilia. Mwalimu alijifanya hakuona, akaendelea na hesabu.

Alichukia pia ule wimbo ambao kila mtu anauimba sasa, kwamba simu zote za dunia zina kobalti yetu. Mgeni akiuanza, Mwalimu alimpa simu mkononi. Mtu asimwambie kobalti ni ya nani, alisema, maana hata mchimbaji wa Kambove anajua ni ya nani na nani anaichukua. Amwambie inafanya kazi gani humo ndani. Wengi walimrudishia simu. Mimi nilijua jibu, nikalitoa lote, na betri nikaifungua mbele yake. Alisema nimeongea haraka mno.

Yeye mwenyewe alikuwa na simu, na barabara yote iliijua. Kuna kikundi cha majirani cha kupeana habari za maji, misiba na wizi wa nyaya. Mwalimu alikigeuza kuwa redio yake. Kila asubuhi alituma sauti ndefu: kuhusu roketi zinazokwenda kutafuta maji kwenye sayari nyingine wakati bomba la Kikula limekauka, kuhusu kijana anayeandika maneno bila irabu, kama mtu anayekula mifupa na kutupa nyama, kuhusu minara ya simu, ambayo aliishuku kwa sababu zisizo na msingi wowote. Nilimsahihisha humohumo, kwa maandishi, nikitaja nilikosoma. Alijibu kwa sauti nyingine, ndefu zaidi.

Akili bandia ilipofika kwenye simu za vijana, aliyemletea ni Ngalula, binti wa jirani yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho. Mama yake anauza unga sokoni. Ngalula alimwonyesha jinsi mashine inavyokokotoa swali la mwendo wa jiwe kabla mtu hajachukua kalamu. Mwalimu akaomba simu. Alibishana na mashine mchana mzima, akamaliza mega zote za intaneti za binti wa watu. Jibu la mashine lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Yeye aliendelea kuiambia imekosa, mpaka ikamwomba radhi na kubadilisha jibu. Hapo alipiga goti lake kwa kiganja. Alituma sauti kwenye kikundi kwamba amegundua ugonjwa wake: inaogopa watu. Mwanafunzi wa namna hiyo, alisema, hata ukimwambia mbili na mbili ni tano atakushukuru. Nilimwandikia kwamba anayesifiwa kwa kuidanganya mashine hajafundisha kitu. Ngalula aliweka alama ya kicheko chini ya maneno yangu. Mama yake akaiweka pia.

Na michezo sasa. Kona ya barabara yetu kuna nyumba ya michezo ya video, televisheni nne na kelele za kutosha mtaa mzima. Mwalimu aliilaani miaka mingi. Alisema ndani mle vijana wanazeeka vidole tu. Basi siku moja nilipeleka betri mpya pale, maana umeme wao ni wangu, nikamkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia imerudi nyuma, anacheza mpira wa televisheni na kutukana kwa Kiluba. Alikuwa amefungwa mabao ambayo siwezi kuyasema bila kumwaibisha. Hakuona haya. Alidai mpira ule hauna msuguano. Alikuwa ametazama muda unaochukua kushuka kutoka hewani, akapiga hesabu kwenye karatasi ya karanga, akathibitisha kwamba wachezaji wale wanacheza kwenye sayari ndogo kuliko yetu. Vijana walikuwa wamemzunguka wakibishana kuhusu uvutano wa sayari, na mwenye nyumba akilalamika kwamba hakuna anayelipa. Nikamwambia: unaona, Prof, hivi ndivyo wanavyotaka kujifunza. Nitakuletea mashine ya kuonyesha picha ukutani na kompyuta, tuwafundishe maki kwa namna hii.

Akakataa. Paneli yangu aliikubali, taa zangu alizikubali, hata feni aliikubali. Picha ukutani akakataa. Alisema kwenye nyumba ya michezo vijana wamekuja kumwona yeye akishindwa. Kwenye maki wamekuja kushindwa wao wenyewe mpaka waelewe, na hilo halihitaji rangi. Nilitoka nikaubamiza mlango. Mpaka leo naamini, na nitaamini, kwamba kama angekubali, vijana wasingeondoka.

Maana waliondoka. Kuna kijana, sitasema ni wa wapi, aliyefungua kikundi cha siri kwenye simu. Mzazi analipa, na asubuhi ya mtihani majibu yanaingia kwa mwanafunzi. Hakuna mkeka, hakuna unga, hakuna jiwe linaloshuka. Ndiyo sababu ya mkutano.

Ulifanyika uani kwa Mwalimu, chini ya taa yangu, kabla jua halijazama vizuri. Mama Ngalula ndiye aliyesimama.

"Papa Prof, sisi tunakuheshimia," alisema. "Mais mwaka yenye ilipita batoto balilala apa, balikula bukari yetu, na bamoja balianguka. Bale ba telefone balipita bote."

"Bote?"

"Karibu bote."

Mimi nilisimama. Niliwaambia mimi ni tunda la ua huu, nikataja Johannesburg, nikataja duka, nikawaambia mwizi wa majibu atawapa watoto wao karatasi tu. Baba mmoja aliniuliza, bila ubaya, kama wakati wangu ningekuwa na pesa za kununua majibu, ningeacha kununua. Nilijibu kwamba sikuwa na pesa. Wote wakacheka, na nikaona hata Mwalimu anacheka. Nilikuwa nampigania yeye, naye anacheka.

Kisha akafuta macho na kusema neno moja tu. "Maki itakuwa. Mwenye kuja, akuje."

Walikuja wachache, wale ambao wazazi wao hawakuweza kulipa. Mikeka mingine ilibaki imekunjwa. Ngalula hakuja, mama yake alishalipa kwa yule kijana. Kila nilipopita pale nilimsikia Mwalimu akifundisha kwa sauti ileile ya miaka yote, akiigiza swali na jibu, na damu ilinichemka. Nilitaka wale wachache wapite wote. Nilitaka wa simu waanguke wote. Nakiri sikutaka kitu kingine mwezi ule, hata biashara.

Haikuwa hivyo. Matokeo yalipoingia kwenye simu, wa maki wengine walipita, lakini yule aliyejitahidi kuliko wote, aliyekuwa anafagia ua kabla ya somo, alianguka. Na Ngalula alipita, kwa alama nzuri.

Kwetu anayepita humwagiwa poda kichwani, akazungushwa mtaani kwa nyimbo na masufuria. Msafara wa Ngalula ulishuka barabara yetu, yeye katikati, mweupe mpaka kope. Nilikuwa nimesimama na Mwalimu kwenye lango lake. Nilimwambia tuingie ndani. Nilimwambia wana adabu mbaya, kupita hapa. Wao wenyewe walipunguza sauti walipomwona. Mama yake alitazama upande mwingine.

Mwalimu aliingia ndani, akatoka na kopo la poda. Alikuwa amelinunua kwa ajili ya watu wake. Alitembea hadi katikati ya barabara, akalimimina lote juu ya kichwa cha binti yule, taratibu, kama mtu anayemwagilia mche.

"Unaenda kusomea nini?" alimuuliza.

"Udaktari, Papa Prof. Lubumbashi."

"Minye niko na tension ya damu," alisema. "Siku ingine weye njo utanipima. Kuja lundi, asubuhi. Tutaanza ku mwanzo."

Mama yake alijaribu kucheka. "Papa Prof, mutihani ilishapita. Mutoto alishinda."

"Nimesikia. Njo maana akuje. Sasa hakuna kintu ya kuogopa."

Msafara uliendelea, lakini bila nguvu ile. Mimi nilimfuata ndani nikamwambia yote niliyokuwa nayo kifuani. Nilimwambia amemwagia poda mwizi, na aliyefagia ua wake analia nyumbani kwao bila poda. Alisema kwa huyo atakwenda kesho, na atakwenda na chaki, kwa sababu mtihani upo na mwakani. Nilimwambia hakuna mtu duniani anayerudi kwenye maki akiwa ameshapata diploma ya Serikali. Kwamba yule binti atakwenda Lubumbashi hajui kitu, na siku moja ataua watu.

"Na weye unataka nimuache aende vile?" akaniuliza. "Ile siku ya kuua, atakuwa daktari ya nani? Ya bantu ba hapa. Yako. Yangu."

Niliondoka bila kuaga, na hasira mbaya kuliko nyingine zote.

Jumatatu, ile lundi yake, nilifungua duka nikalifunga. Nilikwenda kuona akingoja peke yake, ili nimwambie. Nilisimama mlangoni pa chumba cha maki, mikono nimeikunja. Ngalula alikuwa kwenye benchi, poda bado imeganda kati ya misuko yake, na pembeni yake wenzake wawili wa kikundi kilekile cha simu, wameinamisha vichwa. Mwalimu alikuwa amenyoa. Alikuwa akimuuliza Ngalula damu inapandaje mpaka kichwani wakati kila kitu kingine kinashuka.

"Sijui, Prof," alijibu.

"Muzuri," alisema. "Hatuna haraka."

Alichukua mpira mwembamba wa kupitishia maji, akauinua kwenye mwanga, ndipo akaona kivuli changu kimelala juu ya benchi lao.

"Mwana, unaziba mwangaza," akasema bila kugeuka. "Ikala ao toka."

Niliingia. Hasira yangu niliingia nayo, nikakaa nayo kwenye benchi la nyuma.